Mwalimu Amesafiri, Atarudi Jumatatu

Mpendwa kaka Abdu,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, usije ukadhani hasira zimekwisha.

Salamu zako zimefika. Mwenye lori amemwambia baba kwamba unanitaka Dar es Salaam nikakae na binti zako, niwafundishe Kiingereza jioni. Eti nina kipaji. Na baba amekubali, kwa kuwa wewe utakuwepo.

Unakumbuka ulivyoniombea shule? Ulikaa naye barazani ukamwambia, "Baba, mwache asome. Mwalimu ni mimi, ataharibikiwa na nini?" Akakubali kwa sharti moja: siku usipokuwepo darasani, na mimi nisiwepo. Ulisikia kwa masikio yako. Nikawa msichana peke yangu kati ya wavulana, nyumbani nakuita kaka, shuleni mwalimu, na nikichanganya darasa zima linacheka, hata wewe.

Asubuhi ile uliyoondoka ulijaza ubao mzima sentensi za Kiingereza, tuzigeuze zote ziwe za wakati uliopita. Ukanipa chaki. "Wasimamie wenzako. Nasafiri kidogo, nitarudi Jumatatu. Baba usimwambie." Sentensi ya mwisho ilisema mwalimu anawapenda wanafunzi wake. Niliigeuza mwenyewe mbele ya darasa, nikaandika aliwapenda, kwa mwandiko wangu mzuri, na wala sikushtuka.

Jumatatu ikaja, na nyingine ikaja. Ubao sikuufuta, nikiogopa ukirudi utakosa cha kusahihisha. Baba alikuwa akishinda shambani Fukayosi. Akiuliza habari zako namwambia una kazi nyingi, umelala kwa mwalimu mwenzako. Wavulana walichoka kunisikiliza lakini niliwabana, tukarudia masomo ya nyuma, maana mtihani ulikaribia, na mimi niliutaka ule mtihani kuliko kitu chochote.

Kisha baba akaambiwa msikitini kwamba umeonekana Kariakoo umevaa suruali ya ofisini, umepata ukarani, na chumba ulishapanga tangu kabla hujaondoka. Tangu kabla, kaka. Alikuja mpaka mlango wa darasa akanikuta nimeshika chaki. Hakunipiga. Alisema tu, "Twende nyumbani." Nikaiweka chaki mezani nikamfuata. Mtihani wakaufanya wavulana.

Kwenda zako nisingekulaumu. Ukarani una maslahi kuliko ualimu, nani asiyejua. Kinachoniuma ni kwamba ulijua mlango unaoufunga ni wangu, halafu ukaniachia uongo wako niulinde. Ungeniambia ningelia, kisha ningekubebea mzigo mpaka kwenye lori. Na ungerudi siku moja tu ukamwomba baba, angekusikiliza, maana wewe ndiye anayekusikiliza. Hukuja. Umekuja Idi, umekuja harusini, umekula wali wangu ukausifu, na habari ya darasa hukuigusa.

Binti zako nawapenda, hawajanikosea kitu. Wafundishe mwenyewe, ulisomea kazi hiyo.

Mimi siji. Wakikuuliza shangazi yuko wapi, waambie amesafiri kidogo, atarudi Jumatatu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia darasa.