Soya Niliyoikanyaga kwa Kisigino

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi, natumai wewe na wa kwako mmeamka salama, sisi huku tunamshukuru Mungu, kinachonisumbua ni soya tu. Mama mkwe kanipa robo eka nyuma ya nyumba nipande msimu huu, na kasema wazi ikinishinda anampa shemeji afyatulie matofali, na shemeji keshaleta na kalibu yake, kila asubuhi ananiuliza, "Shemeji, bado unalima hewa?" Basi nikajaribu kwanza kipande kidogo karibu na mlango wa jiko, upande mmoja nikatawanya mbegu kama wifi alivyonielekeza, upande wa pili nikachimba mashimo kama ya mahindi, kina cha kiganja, mbegu tatu tatu, nikafukia na kushindilia kwa kisigino huku naomba, ndivyo mama alivyonifunza. Ajabu yake, zile za kutawanya zimeota zimesongamana, za mashimo hata moja haijatokeza, nikafukua nikakuta zimeota kweli lakini shingo zimekatika humo humo chini! Wifi hana mbavu: "Dua zako nzito, wifi yangu." Mbegu ile ile, udongo ule ule, maji ya ndoo yale yale, mbona hivi? Nitawanye shamba zima? Na mbegu kiasi gani? Mvua imekaribia, naomba msaada.

Mama wa Mlango wa Jiko

Mama wa Mlango wa Jiko,

Pole, ila umenichekesha. Mungu alikusikia, soya ndiyo haikuweza kuinua kisigino chako. Hindi hutoboa udongo kwa ncha kama sindano. Soya hutoka imeinamisha shingo, imebeba mbegu nzima kichwani. Ukiizika kina cha kiganja halafu uikanyage, itapitia wapi? Umefanya vyema kufukua. Wengine wangelaumu mbegu wakaishia hapo. Lakini kutawanya nako usithubutu! Zikisongamana zitarefuka, zitalala, na palizi itakutoa machozi.

Vuta kamba. Kutoka mstari hadi mstari sentimita arobaini na tano, mbegu moja moja, ukiacha upana wa vidole vitatu. Kina pingili moja ya kidole, udongo ukiwa umelowa vizuri. Funika kwa mkono, gandamiza kidogo tu, na kisigino kibaki kwenye kiatu.

Kilo saba zinatosha robo eka, mradi mbegu ni nzima. Usikisie: funga hamsini kwenye kitambaa kibichi. Zikiota arobaini au zaidi ndani ya wiki, panda. Pungufu ya hapo tafuta nyingine, maana mbegu ya soya haivumilii kukaa.

Wifi naye mpe ncha ya pili ya kamba ashike, acheke akiwa kazini. Nami nataka kujua ngapi zimeota kwenye kitambaa. Tafadhali nijibu mapema.