Lijamu ya Waya

Jumanne, Julai

Eti Kendi ni mkaidi! Meneja mpya amemjua farasi huyu wiki mbili tu. Mimi ndiye niliyemtengenezea lijamu laini, chuma cha mdomoni nilichokizungushia tyubu ya baiskeli kutoka Makutano. Na asubuhi za baridi naipasha joto kwapani kwanza, maana mdomo wake ni mwepesi kuumia.

Leo meneja ameleta lijamu ya waya uliosokotwa.

"Bwana, hii itamkata."

"Mvishe, mzee, ama nitafute mtu mwingine."

Nikaipasha kwapani kama kawaida. Kendi akanusa shati langu, akafungua mdomo mwenyewe.

Meneja akampanda, akamrudisha saa nne, povu jekundu mdomoni.

Jioni nimempelekea maji. Ameniangalia, akafumba mdomo, akageukia ukuta.