Ng'ombe wa Patron Hailali

Kitshanga, Jumanne jioni

Kumbe nimekuwa dokta wa ng'ombe! Nimesoma magonjwa ya akili miaka yote ile, nikajiita mshauri wa wakubwa wa biashara, na leo patron ninayemtibu, tajiri wa malori ya maharagwe, amenitambulisha hivyo kwa wafanyakazi wake. Anaogopa kwamba wakulima wakijua anaonana na dokta wa wazimu, hawatamwachia tena mzigo wao.

Basi wafanyakazi wakaniletea ng'ombe, eti mgonjwa. Nikamshika sikio, nikakunja uso kama mwenye kujua.

"Papa, iko na shida gani?" nikamwuliza patron.

Patron, ambaye kila mara ananiambia yuko bien tu, hana shida yoyote, leo alifunguka. "Dokta, haikuli, hailali. Inaona kila muntu anataka kuiibia. Telefone ikilia, moyo inapiga sana."

Wafanyakazi wakamtazama ng'ombe. Alikuwa anatafuna majani.

Nilitaka kucheka, lakini macho ya patron yalikuwa mekundu kweli. Nikamvuta pembeni, nikampa vidonge. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ng'ombe inywe mbele ya kula ao kisha kula?"

"Kisha kula, Papa. Na izime telefone."