Muthokoi Haukuwa na Makosa

Jumatano, 2001, kitandani wodini

Si saratani. Naandika tena nione kama itabaki hapo: si saratani.

Daktari wa kifua ameinua eksirei dirishani, ile ya siku waliponinywesha maji meupe kama chokaa. Akatuonyesha uvimbe mkubwa kama yai ndani ya ukuta wa umio, ile njia ya chakula. Ni nadra sana, amesema. Nikajua tu, mimi siwezi kuugua kitu cha kila mtu! Kesho atanipasua autoe mzima, kama njegere kwenye ganda.

"Ulianza lini, daktari?" mke wangu akauliza.

"Zaidi ya mwaka."

Mama Mwende akanigeukia polepole. "Kumbe muthokoi wangu ulikuwa unaiva."

Mwaka mzima nimemwambia mahindi na maharagwe yake ni mawe, ndiyo maana yananikwama. Maskini anachemsha tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi nasukuma sahani mbele ya wageni. Nimeendesha lori mpaka Bujumbura, nimegombana na askari wa mipaka minne, lakini yale macho yalinishinda.

"Mama Mwende, nisa..."

"Nyamaza, Baba Mwende. Hiyo samahani usiitoe leo, utaona umemaliza kazi duniani. Utanipa kesho ukiamka."

Akaenda zake nyumbani Mumbuni.

Naogopa kisu, kusema ukweli. Lakini ameshaniambia niamke, na huyu mwanamke nimeacha kubishana naye.