Pua Yangu na Ubani wa Ba

Alhamisi, 21 Agosti 2025
Ba, bibi wa Kihindi ninayemfanyia kazi, kaniita ukumbini leo. Macho yameisha kabisa, mwezi ujao anahamia Mwanza kwa mwanawe Dipesh. Na hekalu lake hapa uani? Dipesh anataka lifungwe, sanamu zipakiwe. Ba hataki. Familia sita za Kihindi zilizobaki Mugumu zitasali wapi? Basi Jumatano, sikukuu ya mungu wao Ganesh, Dipesh anakuja. Akiridhika na kazi yangu, ufunguo nabaki nao mimi.

Mimi! Theodora binti Nyangwine, Mkurya, Mkatoliki. Na kwa nini nisiwe mimi? Miaka miwili sasa nani anafagia, nani anashona shada za asumini, nani anatengeneza ubani wa kufukiza? Waitara, mume wangu, kasema mume wa mwenye hekalu naye apewe cheo. Nikamwambia atapewa ufagio.

Jumamosi, 23 Agosti
Kaka Heche kaleta samadi kavu ya kutengenezea ubani kutoka kijijini. Ya ng'ombe wa kienyeji, mwenye nundu, Ba hataki ya hawa wa kisasa. Heche kacheka sana, eti wa mjini mnaagiza mavi! Nikamkumbusha mama alikuwa anatufukuzia mbu kwa moshi huohuo na hakuna aliyekufa.

Nimetwanga, nimechanganya na samli, ubani, unga wa mti wa sandali, kafuri kidogo. Kipimo hakijaandikwa popote. Kipimo ni pua yangu. Nanusa, naongeza, nanusa tena. Ba anasema tangu mumewe afariki hajapata ubani kama wangu. Yeye haoni tena sanamu, moshi ndio unamwambia Mungu yuko upande gani. Akisema hivyo nafurahi mpaka naona aibu.

Jumapili, 24 Agosti
Misa. Chetezo kilipita, moshi hafifu, harufu hakuna. Padri angeniuliza tu!

Jumatatu, 25 Agosti
Siku mbaya.

Hetal, mke wa Dipesh, katangulia kuja kupika. Kanikuta uani na kikapu cha asumini, pua yangu ndani, nachagua yaliyokolea. Akasimama. Akasema taratibu, "Dada Theodora, hayo sasa ni makombo."

Sikuelewa. Akanieleza. Harufu ya kwanza ni ya Mungu. Ua likinuswa kabla ya kutolewa limeshaliwa, huwezi kumpelekea. Nikamuuliza, na ubani? Ubani pia.

Mungu wangu! Chakula cha hekalu hakionjwi hata chumvi, hilo nalijua toka siku ya kwanza. Lakini pua? Nani angewaza kwamba pua nayo inakula! Ba hakuniambia. Kwao hilo mtoto analijua akiwa bado mgongoni, na macho ya Ba hayakuniona nikinusa. Miaka miwili namlisha Mungu wake makombo, na bibi wa watu ananishukuru.

Hetal kasema yeye hatasema kitu. Niseme mwenyewe.

Jumanne, 26 Agosti
Nimemwaga ubani wote. Nimetengeneza mwingine kwa samadi iliyobaki, kitambaa nimefunga puani kama daktari wa upasuaji. Sikunusa hata mara moja. Mikono inajua kazi, sina wasiwasi.

Ba sijamwambia. Sikukuu kwanza. Nisimharibie sikukuu yake ya mwisho hapa.

Jumatano, 27 Agosti
Naandika jikoni, haraka.

Familia zote sita zimekuja. Kengele, taa, nyimbo. Nikafukiza. Jamani! Kafuri imezidi, sandali haipo, samadi ndiyo inaongoza. Watoto wakakohoa. Ba akageuza uso huku na huku, kama aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo limeniumiza kuliko yote. Dipesh akasema, kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba sanamu ziende Mwanza tu.

Ba akamnyamazisha kwa mkono. Akauliza, "Theodora, huu uliunusa?"

Nikasema sikuunusa, Ba.

Akatikisa kichwa, nikaona kama anatabasamu. Akasema huu basi ni safi, hakuna aliyetangulia. Nilipumua! Halafu Ba akauliza, pole kabisa, "Na ule mzuri wa siku zote?"

Kengele ikapigwa, sala ikaendelea.

Sasa wanakula. Ba yuko barazani, ufunguo mapajani. Nikisema hata ule sikuunusa ataniamini, na ufunguo ni wangu kabla ya chai. Hetal kanitazama mara moja tu, kaendelea kugawa wali.

Nimeshanawa mikono. Yote nilinusa, nitasema yote, na kama ni kupakia sanamu nitazifunga mimi kwa pamba, hakuna atakayezifunga vizuri zaidi. Ba hajagusa sahani. Ananisubiri.