Napumzika Chini ya Draya

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamkata mtu sikio. Mimi ni msusi, nina saluni yenye viti vitatu na draya mbili kubwa, zile za kukaa chini yake, na kwa siku nashughulikia vichwa kumi na moja peke yangu, simu begani, huyu analalamika maji ni ya moto, yule anataka nywele zifanane na za picha, asubuhi natoka nyumbani mbio hata sijiangalii, wiki hii yote nimeshinda na kandambili moja nyekundu na moja ya kijani na sijapata nafasi ya kubadilisha. Mikono ikaanza kutetemeka. Nesi wa zahanati akanipima, akaniambia, "Dada, mwili wako unaenda kama wa mtu anayekimbizwa na mbwa, na mbwa mwenyewe hayupo. Kila ukimaliza kichwa kimoja kaa dakika tano, shusha mabega, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi."

Sasa mshauri, dakika tano nakaa wapi? Wateja wakiniona nimekaa watasema naringa. Nikajaribu chooni, siku ya pili mtaa mzima ukawa unanipa pole ya tumbo. Ndipo nikapata akili, nikajifunika taulo kubwa kutoka kichwani mpaka kifuani, nikakaa chini ya draya iliyozimwa kama mteja. Sikufichi, nilistarehe! Ila tangu hapo namaliza kichwa mbio mbio ili niwahi draya, na chini ya draya napumua mbio mbio ili niwahi kichwa kingine, na siku moja mteja aliuliza, "Mwenye saluni yuko wapi?" nikamjibu mwenyewe ndani ya taulo, "Katoka kidogo."

Juzi ndipo yaliponikuta makubwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaolewa Jumamosi na mimi ndiye wa kumsuka. Akaingia, akakaa draya ya pili, akaniinamia, akaanza: "Mwenzangu, mke wa kaka yangu nampenda lakini namwogopa. Hakai, hali, akinishika kichwa namsikia anatetemeka. Nataka anisuke yeye, si mwingine. Nitamwambiaje apumzike bila kumuudhi?" Mimi jasho linanitiririka na draya haijawashwa. Akanipigapiga goti, akasema, "Haya, mwenzangu, pumzika," akaondoka. Nikisema nilikuwa mimi, nitaonekana najificha kusikiliza maneno ya watu. Nikinyamaza, nitamharibia siku yake kwa mikono hii. Nifanye nini?

Ni mimi, Msusi wa Ndani ya Taulo.

JIBU

Msusi wangu, pole sana. Nimecheka mpaka jirani yangu wa meza akaja kuuliza kama niko salama, kisha nikakasirika. Mtu mzima, mwenye funguo za saluni, unajificha kwenye saluni yako mwenyewe? Nesi alikupa dawa, wewe ukaigeuza kichwa cha kumi na mbili. Hapo hujamkimbia yule mbwa, umemkaribisha mkae naye chini ya draya.

Anayeweza kukaa saa nne akisukwa hawezi kushindwa na dakika tano zako. Weka stuli mlangoni, hadharani. Kichwa kikiisha, kaa, miguu yote miwili chini, simu kwenye droo, na usitoke hapo mpaka mabega yameshuka. Mteja akiguna, muulize anataka kurudi nyumbani na masikio mangapi. Na hivyo vichwa kumi na moja vifanye vinane, wengine waje kesho, nywele hazina pa kwenda. Mikono ikiendelea kutetemeka, rudi kwa nesi, usiniandikie mimi.

Jumamosi usipokee mwingine yeyote. Msuke wifi yako nusu, kaeni wote wawili mpumue, kisha mmalizie.

Na hilo la kujificha, acha kuhangaika. Soma tena barua yako. Taulo lilikufika kifuani tu, na chini kulikuwa na kandambili moja nyekundu na moja ya kijani. Mtaa mzima huo, nani mwingine anavaa hivyo? Wifi yako alikuwa anaongea na wewe, mama, na mpaka sasa anasubiri jibu.