Niliisingizia Chanjo

Mdogo wangu Zaina,

Salamu nyingi kutoka Bujumbura. Goti lako linaendeleaje, na shemeji amepona kikohozi? Mimi bado napumua, ila kutoka kitandani hadi dirishani nashika ukuta. Kipindupindu kiliondoka na nguvu zangu, na figo hazijakaa sawa. Daktari hasemi, lakini uso wake nimeusoma.

Nasikia umewakataza wajukuu kunywa chanjo, kwa kuwa kaka yako aliinywa na bado akaugua. Hayo niliyasema mwenyewe kwenye simu, mwanangu Salimu akiwa ameketi ubavuni pangu. Haikuwa kweli yote, na sitaki kufa nayo.

Zaina, chanjo huuonyesha mwili kijidudu kilichokwisha kuuawa au kudhoofishwa. Mwili hutengeneza kinga, kisha huweka kumbukumbu. Kinga ya surua hudumu hata uzeeni. Ya kipindupindu sharti ikae palepale utumbuni, na huko hupungua baada ya miaka michache. Kumbukumbu ikija kuamka, ugonjwa umeshakuangusha. Ndiyo maana hurudiwa. Mimi niliinywa zamani, nikikaa mtaa wa Kinama. Zamu ya kurudia ilinikuta hapa mtaa wa Kinindo, kwa Salimu.

Siku hiyo alikuwa na wageni, wakubwa wake wa kazini. Wachanjaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Yeye, mkewe na watoto wakanywa barazani. Mimi nilikuwa chumba cha uani, nimeshavaa kanzu, nangoja kuitwa. Nikamsikia mama mmoja akiuliza kama kuna mkongwe ndani.

"Apana, mama," mwanangu akajibu. "Hapa hakuna muzee."

Wakaandika alama ya chaki getini, kwamba nyumba imekamilika, wakaenda zao. Ningeweza kuita. Lakini ningetokaje mbele ya wageni, mtu ambaye hayupo? Bomba lilipokauka tukanywa maji ya ziwani, sote. Nikaanguka mimi peke yangu. Watu walipouliza, nikaisingizia chanjo ili nimsitiri mwanangu.

Wape watoto. Wachanjaji wakirudi miaka ijayo, wape tena.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa Ujiji kama bado ananikumbuka. Barua hii inakuja na baharia wa meli ya mizigo, maana simu yangu huishika Salimu.

Yeye ndiye atakayekuletea habari ya msiba wangu. Mpokee, mpe chakula, ni damu yako. Ila akisema alinitunza, usiitikie.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi